Je, Wajua? Sauti Iliyozaliwa Freretown

Je, wajua kwamba Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyependwa na Wakenya kwa miongo mingi, alizaliwa Freretown, Kisauni, mwaka 1940?

• Freretown ilianzishwa na wamishonari wa Church Missionary Society (CMS) mwaka 1875 kama makao ya watumwa waliokombolewa. Ilipewa jina la Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa.

• Babu yake Leonard alitekwa utumwani kutoka nchi ambayo leo ni Malawi, akakombolewa baharini.

• Kitabu cha *Uhuru wa Watumwa* cha mwaka 1934, kinachosimulia masaibu ya watumwa waliokombolewa, kiliandikwa na James Mbotela wa ukoo huohuo.

• Kipindi cha Leonard, *Je, Huu ni Uungwana?*, kilianza redioni mwaka 1966 na kufunza adabu kwa zaidi ya nusu karne.

• Agosti 1, 1982, wanajeshi waasi walimlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Jaribio hilo lilizimwa.

Leonard alifariki Februari 2025. Watoto wa Kisauni wanastahili kufundishwa habari zake shuleni.