Herufi za Mapambo Katika Vyeti na Mabango Yetu



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wa Lionja, tunapopeleka vyeti vya kuhitimu na mabango ya Maulidi vikachapwe mjini Nachingwea, mchapaji hutuuliza: mnataka maandishi ya namna gani? Wengi wetu hujibu: yale mazuri, yaliyolala.

Hayo yaliyolala mara nyingi ni fonti iitwayo Monotype Corsiva, iliyoenea pamoja na programu za Microsoft Office. Mchoraji wake, Patricia Saunders, alifuata hati ya mkono ya Ludovico degli Arrighi, mwandishi wa Italia wa karne ya 16. Inapendeza kweli. Lakini imeundwa kwa herufi kubwa moja mwanzoni, kisha ndogo zifuate. Jina likiandikwa lote kwa herufi kubwa, mikia hugombana na macho huchoka. Na katika cheti, kinachotafutwa kwanza ni jina la mtoto.

Kwa Kiarabu, khati za mapambo ni nyingi (neno letu "hati" limetoka huko huko). Thuluthi, yenye alifu ndefu na herufi zinazopandana, ndiyo ya kuta za misikiti na ya nguo ya Al-Kaaba. Diwani ilikuzwa katika ofisi za dola ya Othmaniya. Ilisukwa kwa kubanana, na hivyo ni vigumu kuighushi. Hata mwambao wetu una kazi hiyo: msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kufi yenye maua, ya mwaka 500 H (1107).

Sasa fungueni Msahafu wa Madina, ulioandikwa kwa mkono wa Uthman Taha. Humo aya zimeandikwa kwa Naskhi, kila nukta mahali pake, kwa sababu Msahafu ni wa kusomwa.

Hatari kubwa iko ndani ya kompyuta. Herufi ya Kiarabu hubadilika sura mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno. Kazi ikihamishiwa kompyuta isiyo na fonti ile, huwekwa nyingine. Programu isiyojua Kiarabu ndiyo mbaya zaidi: huzikata herufi mojamoja na kuzipanga kutoka kushoto. Basi Bismillahi inageuka, msomaji anaanza na mimu ya Rahimi na kuishia na be. Bango hilo litundikwe mbele za watu? Hapana.

Kwa hiyo kichwa cha bango kiwe Thuluthi, aya iwe Naskhi. Kazi ihifadhiwe kama picha au PDF kabla ya kuhamishwa, na ustadhi asome nakala ya kwanza herufi kwa herufi kabla ya nyingine kuchapwa. Wazazi nao watuandikie jina la mtoto kwenye karatasi, kama lilivyo katika cheti cha kuzaliwa.