Kompyuta ya Mume Wangu, Laptopu Yangu, na Folda Iliyokuwa Katikati

NIANZE kwa kukiri, msomaji wangu: kwa miaka kumi niliichukia kompyuta ya mume wangu. Ni ile ya zamani hasa, yenye monita ya kichogo na sipiyu inayounguruma kama jenereta ya jirani. Ilikaa kwenye kona ya sebule yetu hapa Tabata, imefunikwa kitambaa cha kufuma utadhani bibi harusi. Mgeni akija lazima aulize, "Hivi hii bado inafanya kazi?" Mume wangu anajibu kwa fahari, "Inawaka vizuri tu." Mimi najikausha.

Aliinunua mwaka 2006, akaitumia kwenye duka lake la stesheni: kuchapa barua, kuskani vyeti, kuandaa kadi za michango. Tulipooana mwaka 2008 duka lilikuwa linakwenda. Mwaka 2011 likafa. Vitu vyote viliuzwa, hadi mashine ya kutoa kopi, ila kompyuta hii aliibeba mwenyewe kwenye bajaji mpaka nyumbani. "Hii siiuzi," akasema. Nikajua ni ukaidi tu wa wanaume, si mnawajua?

Aprili 2021 nikanunua laptopu mpya yenye Windows 10. Nikaona huu ndio wakati. Sebule ndogo, watoto wanakua, hiki kitu kitoke. Mume wangu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Mama, picha zetu ziko humo. Za harusi, za mtoto wa kwanza. Toa picha kwanza, halafu tutaongea."

Nikasema rahisi, nitazitoa kwa flashi. Kumbe milango ya USB ya mbele ilishakufa zamani, na ya nyuma imebaki mmoja tu, unaoshikilia kipanya. Njia iliyobaki ilikuwa kuziunganisha kompyuta zote mbili kwenye mtandao mmoja wa nyumbani.

Ziko nyumba moja, hazisemezani

Ya zamani nikaichomeka kwenye ruta kwa waya wa mtandao. Laptopu ikaingia kwa Wi-Fi kwenye ruta hiyohiyo. Nikadhani nimemaliza. Wapi! Kila moja ilikuwa kimya kama wanandoa waliolala mzungu wa nne.

Tatizo la kwanza lilikuwa jina la kikundi. Windows XP ya nyumbani huja na kikundi kinachoitwa MSHOME, wakati laptopu yangu ilikuwa kwenye WORKGROUP. Nikaweka jina moja kote. Bado.

Kesho yake nikamuuliza kijana wetu wa kompyuta ofisini. Akacheka, akanieleza kwa lugha ya mtu wa kawaida. Kompyuta zinapopeana mafaili huwa zina lugha yao ya kuongea. XP, iliyotoka mwaka 2001, inajua lugha moja tu, inayoitwa SMB1. Laptopu mpya inajua lugha za baadaye, na ile ya zamani imefungiwa makusudi. Sababu ipo: Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu la SMB1, kikafunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 100 na kudai fidia, hospitali za Uingereza zikiwemo. Kuanzia matoleo ya Windows 10 ya mwishoni mwa mwaka huo, Microsoft wakaanza kuiondoa lugha hiyo. Na XP yenyewe ilishaachwa tangu 8 Aprili 2014, haipati tena marekebisho ya kawaida ya usalama.

"Unaweza kuifungua kwa muda, dada," akaniambia, "lakini kwanza kata intaneti. Ukimaliza, funga."

Folda ya pili

Jumamosi usiku, watoto wamelala, mvua inapiga bati. Ruta yetu ni ya laini ya simu, nikachomoa laini. Ruta ikabaki inaunganisha vya ndani tu. Kwenye laptopu nikawasha SMB1, upande wa kuomba mafaili tu. Mume wangu akakaa mbele ya mashine yake, mimi mbele ya yangu, migongo imepeana.

Nilimwambia jambo moja ambalo mpaka leo nashukuru nililisema: "Usifungue diski nzima. Chagua mwenyewe folda ya kushea."

Akachagua moja: Picha. Nikaandika namba ya IP ya kompyuta yake, nikabonyeza. Jamani! Folda ikatokea kwenye kioo changu. Nikapiga kelele kama nimeshinda bahati nasibu. Nikaanza kukopi, gigabaiti 11, zikachukua zaidi ya saa nzima. Tukawa tunaangalia moja moja zikipita: mimi na shela, yeye na suti iliyompwaya, duka siku ya kufunguliwa.

Zilipoisha nikamwambia, "Haya, nafunga."

"Subiri," akasema. Nikasikia kipanya kinabonyezwa nyuma yangu. Nilipofungua upya, folda zilikuwa mbili. Ya pili iliitwa Deni.

"Fungua," akasema. Hakugeuka.

Ndani kulikuwa na faili moja la Excel. Mimi ni mhasibu, kusoma jedwali hakunichukui dakika. Mistari 72. Kila mwezi shilingi 50,000, kuanzia Januari 2013 hadi Desemba 2018. Jumla 3,600,000. Na juu kabisa, jina la mdai: kaka yangu. Kaka yangu wa tumbo moja.

Alimkopa kuokoa duka. Duka likafa hata hivyo. Wakakubaliana wanaume wawili kwamba mimi nisijue, "usije ukakosa usingizi." Faili akaliweka kwenye kompyuta ya zamani kwa sababu haikuwa kwenye intaneti na hakuna mwingine aliyeigusa.

Msomaji, mwaka 2016 tulipata nafasi ya kuchangia kiwanja na dada zangu. Mume wangu akasema hana hela. Nikamwita bahili mbele yao wote. Hakujibu. Mwezi huo, kwenye jedwali, 50,000 imelipwa.

Sikumkumbatia palepale kama kwenye filamu. Nililia, halafu nikakasirika. Nilimwambia ukweli: najivunia mtu aliyelipa mistari 72 bila kuruka hata mmoja, na nimeumia kwamba nafunga hesabu za ofisi za watu huku hesabu kubwa ya nyumba yangu siijui. Akasema, "Niliona aibu." Nikamwomba radhi kwa lile neno la mwaka 2016. Tulilala saa nane.

Ukitaka kujaribu kwako

• Weka kompyuta zote kwenye ruta moja na kikundi chenye jina moja.
• Kata intaneti kabla ya kuwasha SMB1. Kuna upande wa kuomba (Client) na wa kuhudumia (Server). Kwenye kompyuta mpya washa wa kuomba tu.
• Shea folda moja unayohitaji, si diski C nzima.
• Ukimaliza, zima SMB1, washa upya kompyuta, chomoa ya zamani. Mafaili yapitishe kwenye programu ya kuzuia virusi kabla ya kuyafungua.
• Kama ya zamani haiwaki, bado usikate tamaa. Fundi anaweza kutoa diski na kuisoma kwa adapta ya USB. Mwambie ni ya aina gani: za zamani sana hutumia waya bapa mpana.
• Picha zisikae sehemu moja. Nakala moja kwenye laptopu, nyingine kwenye diski ya pembeni.
• Folda ya mwenzako usiifungue kwa wizi. Mtandao unakuruhusu kufika. Ruhusa ya kufungua anayo yeye.

Na leo?

Siku hizi tuna folda inayoitwa Nyumbani: ada, kodi, madeni, na nani kamkopa nani. Kila mwisho wa mwezi tunaikalia wote wawili, chai mezani. Kaka yangu naye nilimwekea kikao, lakini hiyo ni makala nyingine.

Halafu cheka kidogo: laptopu yangu "mpya" nayo imezeeka. Windows 10 iliachwa rasmi 14 Oktoba 2025, na mtoto wetu mkubwa ameshaanza kuuliza lini tutaitupa.

Kompyuta ya baba yake iko palepale kwenye kona. Kitambaa nimekifua mwenyewe.