Majina ya Maduka Yetu (2): Kutoka kwa Mhindi hadi kwa Mangi

Sehemu iliyopita tuliliacha duka la mtaani likiitwa “kwa Mhindi”. Leo tufuate jinsi jina hilo lilivyopungua midomoni mwa watu wa Tanzania Bara.

Azimio la Arusha la 1967 lilifuatwa na kutaifishwa kwa biashara ya jumla. Mwaka 1971 majengo mengi ya kupangisha nayo yakataifishwa, na familia nyingi za Kiasia zikahama. Kisha ikaja Operesheni Maduka ya 1976, iliyofunga maduka ya watu binafsi vijijini ili ya ushirika yashike nafasi. Watu wakaanza kusema “duka la kijiji”, “RTC” (kampuni ya biashara ya mkoa) na, enzi za mgawo Dar es Salaam, “duka la kaya”. Katika majina hayo hakuna mtu. Ulipanga foleni, ukaambiwa sukari imekwisha, na hapakuwa na wa kumwomba akuandikie kwenye daftari. Naamini ndiyo sababu hayakudumu baada ya masharti ya biashara kuanza kulegezwa mwaka 1984.

Majina yenye mtu yakatamba: “kwa Mpemba”, na zaidi ya yote, “kwa Mangi”. Mangi kilikuwa cheo cha watawala wa Uchagani. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Thomas Marealle alikuwa Mangi Mkuu miaka ya 1950. Mwaka 1963 serikali ikafuta utawala wa machifu, lakini neno halikufa. Vihamba, yaani mashamba ya familia, vya mlimani Kilimanjaro havikutosha kurithiwa na watoto wote, vijana wengi wakashuka kutafuta maisha mijini, na wengi wao wakafungua maduka. Wateja wakawaita Mangi kwa heshima na utani.

Sasa jina limeliacha kabila likashika kazi. Muuzaji anaweza kuwa Mkinga wa Makete au Msukuma, na bado mtoto hutumwa “kimbia kwa Mangi”. Mangi ni yule anayefungua alfajiri, anayepima mafuta ya kula kidogo kidogo, anayekubali kuambiwa, “Niandikie, nitalipa mwisho wa mwezi.” Hilo la daftari ndilo kubwa kuliko yote.

Tangu M-Pesa iingie nchini mwaka 2008, maduka mengi ya aina hii yamepata jina la pili. Anayetaka mchele huenda kwa Mangi. Anayetoa fedha huingia mlango uleule akisema anakwenda kwa wakala.

Wiki ijayo: Nairobi, na jina Nakumatt lililotokana na magodoro ya Nakuru.