Mtoto Aliyeumia Kichwa Si Mtovu wa Adabu



Mwaka 2016 mjukuu wangu, mwenye miaka 9, aligongwa na gari akiendesha baskeli hapa Uingereza. Alilala siku 12 bila ya fahamu. Aliporudi nyumbani jamaa walikuja kutupa pole na kumshukuru Mungu: anatembea, anakula, na kovu limefunikwa na nywele. Tukadhani mambo yamekwisha.

Kumbe bado. Mtoto aliyekuwa mpole akawa mwepesi wa hasira, akasema lolote limjialo mdomoni mbele ya wageni, na akitumwa jikoni husahau njiani. Rafiki zake wakaacha kumwita kucheza. Katika ukoo wapo waliosema amedekezwa, na wapo waliosema ana shetani. Dua tuliomba, na dua ni njema. Lakini mimi, mwalimu mzima, siku moja nilimpiga kofi kwa kumjibu vibaya bibi yake. Akaniuliza, "Babu, nimefanya nini?" Swali hilo halijanitoka moyoni.

Daktari ndiye aliyetufahamisha. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, husaidia kuzuia ulimi na hasira na kupanga mambo. Nayo huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Kwa hiyo madhara mengine hujitokeza baadaye, mtoto anapokua na kutakiwa mengi zaidi. Utafiti wa Michael Rutter na wenzake, uliochapishwa mwaka 1981, ulionyesha kwamba watoto walioumia vichwa vibaya hupata zaidi matatizo ya tabia, na kwamba hali ya nyumbani nayo ina uzito wake.

Basi tukabadili mwendo. Tukamtuma jambo moja kwa wakati mmoja. Akawa anapumzika baada ya skuli kabla ya kwenda chuoni, na maalim akampa aya mbili badala ya ukurasa. Mama yake aliieleza skuli, na halmashauri ikaombwa ichunguze mahitaji yake. Binamu zake waliambiwa ukweli, nao ndio waliomrudisha mchezoni.

Sasa amekuwa kijana. Bado husahau, bado hukasirika, lakini ana marafiki na anajifunza useremala. Nami nimemwomba radhi.

Akiumia mtoto wenu kichwa, msiharakie kusema hana adabu. Ulizeni kwanza, na skuli ijulishwe mapema. Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu. Amin.