Koo la Msichana, Moyo wa Mama

Wengi wetu hudhani kwamba maradhi ya moyo ni ya wanaume wazee wenye vitambi. Mimi niliye mwalimu naiona hatari nyingine, nayo huanzia darasani.

Kuna maumivu ya koo yaletwayo na bakteria ambayo, yasipotibiwa, huweza kuzua homa ya baridi yabisi wiki chache baadaye. Homa hiyo huwapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15. Viungo huvimba na kuuma. Leo goti, kesho kiwiko. Maumivu hupita, lakini vali za moyo huenda zikabaki na makovu.

Wanawake huathirika zaidi kuliko wanaume. Aghalabu msichana hajui lolote mpaka ashike mimba. Hapo damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu, na moyo wenye kasoro huelemewa. Akitweta kwa kazi ndogo, au akikosa pumzi alalapo, jamaa husema ni uzito wa mimba tu. La hasha! Apelekwe hospitalini upesi, moyo wake upimwe.

Walimu wenzangu, mtoto alalamikaye koo na homa tumpeleke kwa daktari. Ikibainika ni bakteria hao, penisilini humtibu. Aliyekwisha kuugua homa ya baridi yabisi naye hudungwa sindano ya dawa hiyo kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Nanyi wanafunzi, msiikatize dawa mkipata nafuu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.