Mbishi si Mkaidi

Swali ni lile lile, sura tu ndiyo hubadilika. Muuguzi aliyepangiwa kituo huku akitokea Moshi analiuliza. Ofisa mgeni wa halmashauri analiuliza pale Nyamwaga, tena kwa kunong'ona, huku akichungulia kama mhudumu wa mgahawa anasikia. Mwalimu wa ajira mpya yeye analiuliza ndani ya gari la kutoka Tarime mjini, kabla hata hajashusha begi lake. "Wewe si mtu wa lugha? Hebu niambie, huu ubishi wa Wakurya unatokana na lugha yao, eti?"

Nimejibu kwa upole mpaka upole wenyewe umekwisha. Leo naandika, ili atakayekuja nalo tena nimwelekeze hapa, nami ninywe chai yangu ikiwa bado moto.

Kwanza, swali limekosea neno. Mnasema "ubishi" huku mawazoni mna ukaidi. Mtaani maneno haya mawili yamegongana mpaka yakaonekana pacha, lakini msikilize Mswahili akiyatumia bila haraka. Anayefika mlangoni hubisha hodi. Jahazi linalokwenda kinyume cha upepo hubisha: linakata huku, linakata kule, linasogea kidogo kidogo, na upepo unaolipiga usoni ni upepo wa mbisho. Anayepinga kauli ya mwenzake naye anabisha. Wote watatu wana safari. Mmoja anataka kuingia ndani, la pili linataka bandari, wa tatu anataka hoja imalizike. Mkaidi hana safari. Ameelewa, ameambiwa, na hafanyi. Tena anaweza asifungue mdomo kabisa.

Nendeni kwenye kikao chochote cha kitongoji kinachojadili mchango wa madawati. Yuko mtu atasimama: pesa za mwaka jana ziliishia wapi? Risiti iko wapi? Kwa nini mjane alipe sawa na mwenye duka? Mtendaji anaangalia saa, watu wanaguna, mwenyekiti anamwambia akae. Hakai. Akishajibiwa anatoa pesa mfukoni, analipa palepale, na anadai stakabadhi. Nyuma kabisa ameketi mwingine, mpole, anayetikisa kichwa: "Sawa mheshimiwa, tumekuelewa." Mwaka unaisha hajatoa hata senti. Mkaidi hapo ni yupi? Muhtasari wa kikao, naweza kuapa, utamtaja yule wa kwanza. Methali inasema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Mbishi haikumtaja. (Najua, kina nacho kimesaidia.)

Sasa tuje kwenye "lugha yao", maana hapa ndipo uvumi ulipojenga nyumba. Ushahidi unaoletwa ni wa aina moja, na huletwa kwa furaha kama vile aliyeuleta ameugundua mwenyewe: eti Kikurya hakina neno "tafadhali". Kwa hiyo Mkurya haombi, anaamuru. Kwa hiyo ni mbishi. Hesabu imefungwa.

Haijafungwa. "Tafadhali" ni neno la Kiarabu. Kama kutokuwa na neno la asili ni dalili ya kutokuwa na adabu, basi Mswahili wa Lamu, wa Pemba na wa Mrima aliishi bila adabu mpaka majahazi ya Arabuni yalipotia nanga. Yuko aliye tayari kulisema hilo Unguja, hadharani, jioni, barazani? Simuoni.

Halafu jisikilizeni wenyewe. Simameni dukani, si lazima iwe Nyamwaga, iwe Kariakoo au Magomeni, msikilize watu wakinunua. "Naomba sukari robo." "Nipatie vocha ya buku." "Samahani, una chenji?" "Hebu nisaidie hapo." Hiyo "tafadhali" iko wapi? Iko ukutani: tafadhali usitupe taka hapa, tafadhali zima simu yako. Ikishuka kutoka ukutani na kuingia mdomoni, mara nyingi mtu ameshakasirika. "Tafadhali bwana!" "Tafadhali sana, usinizoee." Neno mnalodai kuwa kipimo cha upole, nyinyi wenyewe mmelifanya onyo la mwisho kabla ya ngumi.

Adabu ya Kiswahili haikai kwenye neno hilo. Inakaa kwenye kitenzi. "Lete" ni amri. "Niletee" imelainika kwa sababu ya kauli ya kutendea na kile kiishio cha -e. "Naomba uniletee" imelainika zaidi. Kikurya ni Kibantu kama Kiswahili. Kiishio cha -e kinacho, na kauli ya kutendea kinayo. Vifaa vya kuombea ni vile vile, vimetengenezwa kiwanda kimoja, na mama wa Kikurya anavitumia kutwa nzima kumwomba mwanawe akachote maji. Wageni hawavisikii kwa sababu hawajui Kikurya, kisha wanatangaza kwamba havipo.

Kama mnataka mfano wa mbali, Wafini hawana neno moja linalosimama mahali pa "tafadhali". Hawajulikani duniani kwa kugombana. Wanalo hata neno lao la kusifia ile hali ya kukaza na kutokubali kushindwa, sisu, ambalo walijivunia walipopigana na Warusi majira ya baridi ya 1939 hadi 1940. Kwao ukaidi wa aina hiyo ni sifa ya taifa. Kwetu, Mkurya akikaza hivyo hivyo, tunatafuta ugonjwa kwenye sarufi yake.

"Lakini mbona wakiongea ni kama wanagombana?" Hilo angalau ni swali. Jibu liko masikioni mwa anayeuliza. Kikurya kina irabu saba, Kiswahili kina tano. Kikurya kinatofautisha irabu fupi na ndefu. Na zaidi ya yote ni lugha ya toni, tena yenye mfumo ambao wanaisimu wameutolea jasho: sauti ya juu huweza kuanzia pigo la kwanza la shina la kitenzi, au la pili, au la tatu, au hata la nne, kulingana na njeo. Kiswahili hakina mambo hayo. Sisi tunakaza silabi moja kabla ya mwisho, basi, tumemaliza. Mtu aliyelelewa ndani ya toni hawezi kuivua mlangoni kama viatu anapoanza kusema Kiswahili. Sauti yake itapanda mahali ambapo Mpwani hapandishi isipokuwa amechukizwa. Mgeni anasikia ugomvi. Mwenzake amesema tu, "Mura, gari imeshaondoka."

Ongezeni jambo jingine. Kiswahili kilifika kwa watu wengi wa huku kikiwa kimevaa sare. Wakurya waliingia kwa wingi katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR), na Kiswahili cha kambini kilikuwa cha amri: simama, geuka, beba, kimbia. Baadaye kikaja cha shule, na shule zetu nazo hazikuwa na "naomba" nyingi. Mtu akijifunza lugha kwa sajenti, usishangae akikuagiza chai kama sajenti. Huo ni mtindo wa mahali alipojifunzia. Damu haihusiki.

Na sifa ya ukali, je? Ilitoka kwenye wizi wa ng'ombe, mapigano ya koo na magazeti yaliyokuwa yakija huku pale tu mtu anapokatwa panga. Serikali ikaunda hadi kanda maalumu ya kipolisi ya Tarime na Rorya. Hayo ni mambo ya mifugo, ardhi na mpaka wa Kenya ulio karibu. Yana historia yake na yana wataalamu wake. Hayana uhusiano wowote na irabu saba.

Ukitaka kuona kubisha kwa Kikurya kunafanya kazi gani, achana na kamusi, uliza habari za iritongo. Huo ni mkutano wa hadhara ambamo mambo ya jamii na mashauri husikilizwa mbele ya watu. Huko upande wa Kenya ulihuishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, wizi wa mifugo ulipowachosha watu. Mkutano wa namna hiyo hauendeshwi kwa kutikisa vichwa. Ushahidi unapingwa, msemaji anakatizwa, shahidi anaulizwa swali lile lile kwa njia tatu. Mtu aliyezoea hayo, ukimweka kwenye semina ambako mwezeshaji anauliza "tuko pamoja?" na ukumbi unaitikia "tuko pamojaaa", atasimama na kusema hapana, mimi sipo. Mwezeshaji ataandika kwenye ripoti yake kwamba jamii ni ngumu kupokea elimu. Amepata alichokuja kutafuta, yaani watu waliosikiliza, na hakukitambua.

Madhara ya kuchanganya maneno haya hayaishii semina. Nimewahi kuletewa ripoti ya shule ya mtoto wa darasa la sita. Kiswahili alikuwa na A. Mbele ya "Tabia" kulikuwa na neno moja kwa wino mwekundu: mbishi. Mama alidhani mwanawe anafukuzwa. Baba alikuwa ameshakata fimbo. Nikamuuliza mtoto alibisha nini. Mwalimu alisema maji ni wingi, naye akauliza: kama ni wingi, umoja wake ni upi? Akaambiwa akae. Akauliza tena. Jamani, hilo ni swali ambalo watu hulipwa mishahara chuo kikuu ili walijibu! Maji, maziwa, mafuta, mate: yote yana ma- ya wingi na hayana umoja, kwa sababu ngeli hiyo imebeba vimiminika visivyohesabika. Jibu lingechukua nusu dakika. Wino mwekundu ulichukua muda mrefu zaidi.

Na ile fimbo? Ndiyo dawa ya kienyeji ninayoichukia kuliko zote: eti kiboko "hutoa ubishi". Kanuni za 2002 zinaruhusu viboko shuleni kwa makosa makubwa ya nidhamu tu, visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha, na viandikwe kwenye kitabu. Kuuliza umoja wa maji hakumo. Zaidi ya hapo, lugha yenyewe imeshawaonya. Sugu ni ile ngozi inayokomaa mahali panaposuguliwa mara kwa mara. Mtoto sugu ametengenezwa hivyo hivyo, kwa kusuguliwa. Alianza akiwa mbishi, mkampiga mpaka akaacha kuuliza, na sasa hasikii tena hata fimbo. Mlitaka atoke ubishi, akaingia usugu. Hongereni.

Sasa matumizi, haraka haraka, maana nafasi inakwisha na najua wengi wenu mmerukia hapa.

Anapinga kwa hoja, akijibiwa anakubali: mbishi. Usiliandike kwenye ripoti; andika "anauliza maswali mengi" au "hutetea hoja zake". Anapinga hata akijibiwa, kwa raha ya kupinga: huyo anapenda ubishani, mwache achoke. Ameelewa, amenyamaza, hafanyi: mkaidi. Kwake, maelezo zaidi ni kupoteza muda. Mpe tarehe na mtu wa kumfuatilia. Hafanyi, na anakuonyesha kwamba wewe si wa kumwambia: jeuri. Anajiona mkubwa hata bila kuambiwa lolote: ana kiburi, na hiyo ni mada nyingine. Hataki kuachia kitu, kiwe cheo, shamba au mchumba: king'ang'anizi. Ameonywa na kuadhibiwa mpaka haimuumi: sugu. Watumishi wa afya, nyinyi mnalijua hili vizuri zaidi, mnaona usugu wa dawa kila siku.

Kwenye siasa, jihadharini zaidi, maana huko ukaidi hupewa jina kufuatana na upande. Wakati wa uchaguzi wa 2000 wafuasi wa chama cha CUF walijiita ngangari, yaani wasiotetereka. Mkuu wa Jeshi la Polisi wa wakati huo, Omari Mahita, akajibu kwamba polisi wao ni ngunguri. Hakuna upande uliojiita mkaidi. Ukiwa mwandishi wa muhtasari, andika mtu alifanya nini, msamiati wa mashabiki waachie mashabiki.

Limebaki "kichwa ngumu", ambalo naletewa kila mara kwa swali lisilo lake: sahihi ni kichwa ngumu au kichwa kigumu? Yote yanatumika, ila hayafanyi kazi moja. "Ana kichwa kigumu" imefuata ngeli, na mara nyingi maana yake ni kwamba haelewi upesi darasani. "Huyu ni kichwa ngumu" imeganda kama jina la mtu, sawa na "kichwa maji", na maana yake ni kwamba haambiliki. Wakongo wa mashariki wao husema kichwa nguvu, na ngeli haiwasumbui. Kwa hiyo mzazi akisoma neno hilo kwenye ripoti hatajua mwanawe ameshindwa hesabu au ameshindikana. Mwalimu, weka kalamu chini, mpigie simu.