Bia ya nyumbani: usiifungie chupani kabla haijamaliza kuchachuka

Wenzetu msiotumia mtuwie radhi.

Kila nikikaribisha wageni naulizwa bia hii naitengenezaje. Sheria kwanza: hapa Uingereza bia ya kunywa nyumbani haihitaji leseni tangu 1963. Kuuza ndiyo hapana, na gongo usiguse kabisa. Kukeneka pombe kali bila leseni ni kosa.

Anayeanza anunue kopo la siropu ya kimea iliyokwisha tiwa hopsi. Atafute pia ndoo ya lita 30 yenye mfuniko wa kupitisha gesi, kipimajoto, hidromita, mpira wa kuhamishia na chupa nzito za bia. Vyote vioshwe, kisha vitiwe dawa ya kuua vijidudu. Hapo hakuna njia ya mkato, vijidudu ndivyo vinavyogeuza bia kuwa siki. Yeyusha siropu na kilo moja ya sukari katika maji ya moto, ongeza maji baridi mpaka lita 23. Ikipoa kufikia nyuzi 20 hivi, tia hamira ya bia (si ile ya maandazi!), funika.

Sasa tuje penye hatari. Sisi tuliokulia Kilimanjaro tumezoea mbege: ndizi, kimea cha ulezi, na uchungu wa msesewe unaofanya kazi kama ya hopsi. Mbege hunywewa ingali inachachuka, na gesi inajiendea zake. Ukiichukua desturi hiyo ukaitia chupani, umetengeneza bomu.

Mimi yalinikuta. Ilikuwa Februari, chumba baridi, siku ya tano mapovu yakakoma. Nikasema tayari, nikafunga chupa. Kumbe hamira ilikuwa imelala tu kwa baridi! Mei joto lilipokuja ikaamka, ikaila sukari iliyobaki, na usiku mmoja chupa tatu zikapasuka kabatini. Vipande vya kioo vilichoma mlango. Bahati njema watoto walikuwa wamelala.

Kwa hiyo mapovu si ushahidi. Ushahidi ni hidromita. Weka ndoo kwenye nyuzi 18 hadi 22. Kipimo huanza karibu na 1.040 na kuishia karibu na 1.010. Kikikaa palepale siku mbili tatu mfululizo, huku joto likiwa lilelile, na kiwe kimeshuka hasa, ndipo ufunge. Tofauti ya vipimo izidishe kwa 131: 0.030 itakupa karibu asilimia 4 ya kilevi.

Kila chupa ya nusu lita itie nusu kijiko cha chai cha sukari, isizidi, ili ipate povu. Iache wiki mbili penye joto, halafu penye ubaridi.

Pupa haifai jamani. Mwenye swali aulize.

Wasalaam.